Je, wajua sensa ya kiwandani inajuaje maji yamefika wapi ndani ya tangi?

Ukitaka kujua simtanki la nyumbani lina maji kiasi gani, unaligonga kuanzia juu ukishuka. Juu linalia wazi, kisha mahali fulani mlio unakuwa mzito. Maji yako hapo. Hujayaona hata tone. Umesikiliza kitu kingine, ukajua.

Kihisi cha kiwandani, ambacho sisi mafundi tunakiita sensa, kinafanya kazi kwa ujanja huohuo. Kina cha maji, joto, mtiririko: vyote hupimwa kwa kupitia kitu kingine kinachobadilika pamoja navyo. Na mara nyingi kitu hicho ni presha, ile tuliyofundishwa shuleni kuwa ni kanieneo.

Ndani ya sensa ya presha kuna utando mwembamba wa chuma kisichoshika kutu. Maji yakiusukuma unabonyea kidogo mno, jicho halioni. Juu ya utando huo kumebandikwa nyaya nyembamba kuliko unywele. Utando ukibonyea, nyaya zinavutwa, zinarefuka na kukonda, na umeme unapita kwa shida zaidi. Badiliko hilo ni dogo sana, kwa hiyo nyaya nne hufungwa kwa mpangilio unaoitwa daraja, uliobuniwa na Samuel Hunter Christie mwaka 1833 na baadaye kuvumishwa na Charles Wheatstone. Daraja hilo linaifanya tofauti ndogo isomeke.

Sasa ifunge sensa hiyo chini ya tangi. Kila mita 1 ya maji inakandamiza kwa kilopaskali 9.8, tangi liwe jembamba kama pipa au pana kama bwawa. Sensa ikisoma kilopaskali 29.4, maji yana kina cha mita 3. Basi.

Lakini kwetu Arusha kuna mtego. Hewa nayo inakandamiza. Dar es Salaam, usawa wa bahari, inakandamiza kwa kilopaskali 101 hivi. Arusha, karibu mita 1,400 juu, inabaki kama 86. Ndiyo maana maji ya huku yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, na maharage yanachelewa kuiva. Tofauti hiyo ya kilopaskali 15 ni sawa na mita moja na nusu ya maji!

Niliwahi kuitwa kwenye kiwanda kimoja upande wa Njiro. Tangi la mita 3 lilikuwa linamwagika, pampu bado inasukuma, na skrini inaonyesha mita 1.5. Walikuwa wameshabadilisha sensa mara mbili. Sensa zote zilikuwa nzima, ila zilikuwa za aina iliyozibwa: zimefungiwa ndani presha ya usawa wa bahari, na hiyo ndiyo sifuri yao. Tulifunga ile ambayo kebo yake ina mrija mwembamba unaotokea nje, ili hewa ileile inayokandamiza maji kwa juu ikandamize na nyuma ya utando, zifutane. Skrini ikaonyesha mita 3. Mrija huo nao unataka kutunzwa: masika unyevu ukiingia, namba zinaanza kuyumba, ndiyo maana mwisho wake huwekwa kikopo chenye chembe za kufyonza unyevu.

Mtiririko nao unaweza kupimwa kwa presha. Ndani ya bomba huwekwa sahani ya chuma yenye tundu. Maji yakijibana kupita pale yanaongeza kasi, na presha ya upande wa pili inashuka. Mtiririko ukiongezeka mara 2, tofauti ya presha inaongezeka mara 4, kwa hiyo mtambo lazima utafute kipeuo cha pili kabla ya kutoa jibu. Kwa maji yenye tope napendelea sensa ya sumaku, ambayo haina kitu chochote kinachoyazuia. Maji yanayopitisha umeme yakikata usumaku yanazalisha volti kidogo, na kadiri yanavyokimbia ndivyo volti inavyopanda. Michael Faraday alilijaribu jambo hili mwaka 1832 kwenye mto Thames, daraja la Waterloo, akitegemea usumaku wa dunia, asipate jibu la wazi. Siku hizi bomba linazungushiwa koili zake lenyewe. Kwa mafuta haifai, kwani hayapitishi umeme.

Joto ni rahisi zaidi. Waya wa platinamu ukipata joto, umeme unapita kwa shida zaidi: wenye ukinzani (yaani ugumu huo wa kupitisha umeme) wa omu 100 kwenye nyuzi 0 unafika omu 138.5 kwenye nyuzi 100. Kwenye moto mkali wa tanuri la boila, kama yale ya kiwanda cha sukari cha TPC kusini mwa Moshi yanayochoma makapi ya miwa, hutumika nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa ncha. Ncha ikipata joto, nyaya zinatoa volti zenyewe. Thomas Seebeck aliligundua hilo mwaka 1821.

Vipimo hivi vingi husafiri hadi chumba cha udhibiti kama mkondo wa umeme wa miliampea 4 hadi 20. Tangi tupu ni 4, nusu ni 12, limejaa ni 20. Kwa nini isianzie 0? Kwa sababu 0 imeachiwa kazi nyingine. Skrini ikionyesha miliampea 0, sihangaiki na tangi. Nachukua tochi nafuata kebo, na mara nyingi nakuta panya ameshaitafuna.