Mwanafunzi wa Kigeni Akitoka Mwaloni, Tumpime kwa Lipi?

Wanafunzi wa vyuo vikuu vya nje wanaokuja Mwanza kwa kozi ya wiki chache hawaji kutalii. Wengine huja kwa mafunzo ya hospitali, wengine kusoma uvuvi na mazingira ya Ziwa Victoria, na wakirudi kwao kozi hiyo huingia kwenye matokeo ya shahada zao. Mhadhiri lazima atoe alama. Familia zinazowapokea, na hata wahadhiri wenzangu, huniuliza: alama hiyo hutolewa kwa kigezo gani?

Wengi hudhani kuishi ugenini kwenyewe kunatosha kumfundisha mtu. Utafiti wa Marekani ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Georgetown, uliofuatilia wanafunzi zaidi ya 1,000 na kuchapishwa mwaka 2009, ulionyesha vingine. Waliopiga hatua zaidi katika kuwaelewa watu wa utamaduni mwingine ni wale waliokuwa na mlezi huko huko ugenini, mtu wa kuketi nao na kuwauliza wameona nini na kwa nini wamekielewa hivyo. Mtu anaweza kukaa Nyegezi, hapa Mwanza, mwezi mzima, akala ugali kwa sato kila siku, akaondoka na mawazo yale yale aliyoshuka nayo uwanja wa ndege.

Njia nyepesi ni dodoso: mwanafunzi anajipima kabla ya safari, kisha anajipima tena akimaliza. Sina imani nalo likiwa peke yake. Kijana asiyewahi kuishi nje ya nchi yake anaweza kujipa 4 kati ya 5 penye sentensi kama "Naelewa namna watu wa mataifa mengine wanavyofikiri." Baada ya kukosea salamu kwa wazee, na kukataa chakula alichokaribishwa bila kujua kwamba amemuudhi mwenyeji, anajipa 3. Kwenye karatasi ameshuka. Kwa kweli amepanda, maana sasa anaujua ukubwa wa asichokijua. Wataalamu wa upimaji hupunguza tatizo hili kwa kumwuliza mwishoni mambo mawili kwa pamoja: sasa uko wapi, na siku ulipofika ulikuwa wapi hasa? Inasaidia, ila bado ni mtu kujisemea mwenyewe.

Ushahidi wenye uzito ni kazi aliyoifanya. AAC&U, chama cha vyuo vikuu cha Marekani, kina jedwali la kusahihishia ujifunzaji wa aina hii, yaani wa kuielewa dunia na watu wa tamaduni nyingine. Lina vipengele sita, kila kimoja kikiwa na ngazi 1 hadi 4. Kozi ya wiki tatu haiwezi kuvipima vyote kwa haki, na ninashauri vichaguliwe viwili: kutazama jambo kwa macho ya wengine, na kuelewa mifumo inayoiunganisha dunia.

Ziwani hapa hatukosi mfano wa kufundishia. Siku ya kwanza, kabla mwanafunzi hajaenda popote, mpe swali: nani ananufaika na sangara wa Ziwa Victoria? Aandike ukurasa mmoja, uufungie kabatini. Kisha mpeleke mwalo wa Kirumba, mahali samaki wanaposhushwa na kuuzwa. Amwone sangara anavyopasuliwa na bondo, yaani kifuko cha hewa cha tumboni mwake, linavyotolewa, amuulize mchuuzi bei ya leo na nani anayeipanga. Afuatilie bondo hadi soko la China, minofu hadi Ulaya, na mapanki, yaani vichwa na mifupa inayobaki baada ya minofu kutolewa, hadi kwenye karai la mama anayeyakaanga mtaani. Asome pia habari za mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa hili kufuatia taarifa za uvuvi wa sumu, ajue uamuzi wa huko ulivyoshuka hadi kwa mvuvi ambaye hakuwahi kutumia sumu.

Wiki ya mwisho mpe swali lile lile. Kurasa zote mbili zisahihishwe na watu wawili, tarehe zikiwa zimefichwa, ili msahihishaji asiipendelee ya mwisho. Atakayeandika tu kwamba wazungu wananufaika na wavuvi ni maskini, huyo yuko ngazi ya 1, hata kama ameandika kwa uchungu. Wa ngazi ya 3 atamtofautisha mwenye mtumbwi na kibarua wake, mchuuzi na mama wa mapanki, aonyeshe kila mmoja anaathirikaje bei ya nje ikiyumba, na aeleze wao wenyewe wanasemaje.

Msahihishaji mmoja kati ya hao wawili awe mtu wa hapa. Hili nalisisitiza, kwa sababu mhadhiri aliyekuja na wanafunzi hawezi kujua kama maneno ya mchuuzi yamenukuliwa sawasawa au yamepambwa. Viongozi wa BMU, kikundi cha wenyeji kinachosimamia mwalo, waalikwe kusikiliza mawasilisho na kuuliza maswali, kwa Kiswahili, mkalimani akiwepo.

Nanyi familia wenyeji, mkiletewa fomu ya tathmini msiandike tu "alikuwa na adabu." Andikeni mlichokiona: wiki ya kwanza aliuliza nini jikoni, na wiki ya tatu aliuliza nini.