Je, vidole hukumbuka wimbo?

Mwanafunzi wa piano, awe na miaka 7 au 50, hufika siku mwalimu wake akamwambia: usifikirie, viachie vidole, vyenyewe vinakumbuka. Niliambiwa hivyo, na kwa miaka mingi nikaamini kuwa misuli ya mkono huhifadhi nota kama daftari. Kwa imani hiyo nilirudiarudia kila kipande kwa kasi, makosa yakiwemo, nikidhani wingi wa marudio ndio unaojaza daftari.

Kwanza kabisa, ndani ya vidole hamna misuli ya kuvikunja. Mikubwa iko kwenye kigasha, kati ya kiwiko na kifundo cha mkono. Midogo iko kiganjani. Na kano ndizo zinazovuta mifupa ya vidole kama kamba zinavyovuta tanga. Shika kigasha chako kwa mkono wa pili, chezesha vidole, utaisikia misuli ikijongea chini ya ngozi. Nayo hujikaza neva zinapoileta ishara, hulegea ishara inapokoma. Mazoezi huiongezea nguvu, lakini hayaiachii wimbo.

Kuna jaribio analoweza kulifanya yeyote. Andika jina lako kwenye karatasi, kisha liandike kubwa ubaoni kwa chaki. Kwenye karatasi zimefanya kazi zaidi vidole na kifundo. Ubaoni, kiwiko na bega. Misuli imebadilika, mwandiko ni uleule. Kama mwandiko ungekaa vidoleni, bega lingeujulia wapi?

Kuna kisa kilichonipoteza zaidi. Mwaka 1985 Clive Wearing, mwanamuziki wa Uingereza, aliugua maradhi ya virusi yaliyoharibu ubongo wake. Tangu hapo hakuweza kushika jambo jipya kwa zaidi ya sekunde chache, lakini akiketi kwenye piano aliweza kucheza. Nilipokisoma mara ya kwanza nilisema, basi ni vidole. Kumbe sivyo. Kilichoharibika ni sehemu za ubongo zinazotunza matukio. Ujuzi wa mwendo hutegemea sehemu nyingine, baadhi ziko ndani kabisa ya ubongo na moja iko nyuma, karibu na kisogo. Ni ghala mbili, na moja ilisalimika.

Ujuzi huo huingiaje ghalani? Fikiria uwanja wa majani marefu. Ukipita mara moja, majani yanainama kisha yanainuka. Ukipita palepale kila siku, njia inatokea, na mguu unaifuata bila kuulizwa. Ndivyo miunganiko ya chembe za neva inavyoimarika kwa kutumika pamoja. Kisha nota hushikamana mafungu mafungu, kama shanga kwenye uzi: ukivuta ya kwanza, nyingine zinafuata. Ndiyo maana mwanafunzi akikatizwa katikati ya kipande, mara nyingi hulazimika kurudi mwanzo. Ameshika ncha moja tu ya uzi.

Na majani hayajui njia sahihi ni ipi. Ukikosea nota ileile mara kumi na kuisahihisha haraka, kosa na sahihisho lake vinatungwa pamoja kwenye uzi. Walimu wanaosisitiza “polepole” wanazuia njia ya pili isichimbike. Ningelijua hilo mapema, ningeokoa miezi.

Usingizi nao una sehemu yake. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani waliwafundisha watu wazima kubofya vitufe kwa mpangilio maalumu. Baada ya kulala usiku mmoja, bila zoezi la ziada, kasi yao ilipanda kwa takriban asilimia 20. Watafiti wengine wamepinga baadaye, wakisema sehemu ya ongezeko hilo ni uchovu kuondoka tu, na vitufe vichache si sonata, yaani kipande kirefu cha muziki. Hata hivyo, kwa anayedhani kujifunza ni kwa watoto tu, hawa walikuwa watu wazima, na njia ilichimbika.

Kuhusu kuanza utotoni, utafiti wa mwaka 1995 uliwapima wapiga ala za nyuzi. Eneo la ubongo linalopokea hisia za vidole vya mkono wa kushoto lilikuwa kubwa kuliko la wasiopiga ala, hasa kwa walioanza wadogo. Lakini wapigaji walikuwa 9 tu, na kipimo kimoja hakiwezi kuonyesha ubongo wao ulikuwaje kabla ya somo la kwanza.

Siku hizi kipande kigumu nakianzia katikati, ili uzi uwe na ncha nyingi, kwa mwendo ambao kidole hakikosei. Kisha nalala, na asubuhi naanzia palepale.