Kutathmini hatari ya kuuawa na mwenza: maswali na majibu

Mwenzangu hunipiga mara chache, na sijawahi kuvunjika mfupa. Je, niko hatarini?

Inawezekana, kwa kuwa ukubwa wa jeraha la jana haupimi hatari ya kesho. Mwaka 1985 muuguzi na mtafiti wa Marekani, Jacquelyn Campbell, alitunga dodoso la kutathmini hatari hiyo, ambalo sasa lina maswali 20 ya ndiyo au hapana. Kabla ya kuyajibu, mwanamke hupewa kalenda ya miezi 12 iliyopita na kuweka alama kila siku aliyopigwa. Aliyeanza kwa kusema "ni mara mbili tatu tu" huweza kuona mwenyewe jinsi alama zinavyosogeleana kadiri miezi inavyokwenda, na huko kuongezeka kwa vipigo ni dalili nzito kuliko kipigo kimoja.

Ni dalili ipi isiyopaswa kupuuzwa hata kidogo?

Kukabwa koo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulionyesha kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenza wake ana uwezekano mkubwa zaidi ya mara saba wa kuja kuuawa naye. Wengi husema "alinishika shingo tu", na wasikilizaji huridhika kwa sababu hawaoni alama, ilhali mara nyingi ngozi haionyeshi chochote. Shingo inapobanwa damu hukosa njia ya kwenda kwenye ubongo, na fahamu huweza kupotea ndani ya sekunde chache; mshipa uliochanika ndani unaweza kusababisha kiharusi siku kadhaa baadaye. Kwa hiyo sauti iliyokwaruza, maumivu ya kumeza, vidoti vyekundu kwenye macho au kujikojolea wakati wa kukabwa ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo, na ni muhimu kumweleza daktari waziwazi kwamba ulikabwa.

Dalili nyingine ni vitisho vya kuua, silaha inayofikika, hasa bunduki, kulazimishwa tendo la ndoa, kupigwa wakati wa ujauzito, kufuatiliwa kila uendako, na mwenza anayetishia kujiua ukimwacha.

Nikiondoka, si hatari itakuwa imekwisha?

Kwa bahati mbaya, kipindi cha kuachana na majuma yanayofuata ni miongoni mwa vipindi vya hatari zaidi, hasa kwa mwenza aliyezoea kuamua uende wapi na uzungumze na nani. Hiyo si sababu ya kubaki. Ni sababu ya kutotangaza kuondoka wakati wa ugomvi, bali kupanga kimyakimya pamoja na mhudumu wa afya, afisa wa ustawi wa jamii au mtu mmoja unayemwamini.

Je, niamini hofu yangu?

Iamini, na anayekusikiliza aiamini pia. Lakini kutoogopa si uthibitisho wa usalama: miongoni mwa wanawake walionusurika kuuawa na wenza wao ambao watafiti walizungumza nao, karibu nusu hawakuwa wamefikiri kwamba maisha yao yako hatarini. Ndiyo maana ni vyema kujibu dodoso mbele ya mhudumu aliyefunzwa, mwenza asiwepo, na kalenda hiyo ibaki kwa mhudumu huyo badala ya kurudi nayo nyumbani.