Ugoro wa Mentholi Hauzibui Pua: Maswali Tunayoulizwa Kliniki

Hayupo mgonjwa anayefika kituoni kwetu akasema kwamba ameletwa na ugoro. Huja na mafua yasiyoisha, kichwa kizito au pua iliyoziba, na kikopo hutoka mfukoni baada ya kuulizwa mara ya pili. Maswali yanayofuata ndiyo ninayoulizwa zaidi, na mojawapo nitalijibu zaidi ya mara moja kwa makusudi.

Ugoro wenye harufu ni kitu gani?

Ni tumbaku iliyokaushwa na kusagwa hadi ikawa unga laini wa kunusa au kuweka mdomoni. Ugoro wa kwetu mara nyingi huchanganywa na magadi, na ule wa viwandani huongezewa mentholi (kile kiungo cha mnanaa kinacholeta ubaridi), mafuta ya mikaratusi, karafuu au ladha za matunda. Harufu zinatofautiana lakini tumbaku ni ile ile. Magadi nayo yana kazi yake, kwa kuwa huifanya nikotini iachane na tumbaku upesi na kupenya kwenye utando wa pua kwa kasi zaidi.

Rafiki amenipa nijaribu mara moja tu. Kuna ubaya gani?

Utapiga chafya mfululizo, macho yatatoka machozi, unga utateremka kooni, kisha huenda ukapata kizunguzungu, jasho jembamba na kichefuchefu. Vijana hudhani wameshindwa na ukali wa harufu, kumbe ni nikotini iliyokwisha kuingia katika damu. Tumbaku tupu ingemkera mtu akaiacha siku hiyo hiyo, lakini yenye manukato humbembeleza arudie. Anayefikia kunusa kabla hajanawa uso asubuhi hajaribu tena. Huyo amekwisha kuwa mraibu, hata kama kikopo kimoja humtosha kwa wiki nzima.

Mbona nikinusa nahisi pua imefunguka?

Haijafunguka. Mentholi huamsha mishipa ya fahamu inayotambua baridi, nayo huupelekea ubongo habari kwamba hewa baridi inapita kwa wingi. Waliopima kiasi cha hewa kinachopita puani kabla na baada ya kuvuta mentholi waliona kuwa njia haikupanuka, ingawa wapimwaji walisema wanapumua vizuri zaidi. Wakati huo huo unga wa tumbaku unaukera utando wa ndani, utando unavimba na kutoa makamasi zaidi, na baridi ikiisha mtu anajikuta ameziba kuliko awali. Ndipo ananusa tena. Ugoro hauzibui pua. Unakusahaulisha kwa dakika chache kwamba imeziba.

Upande mmoja wa pua umeziba, huu ni mwezi wa tatu. Niongeze ule mkali zaidi?

Hapana. Nasema hapana kwa sababu hapa ndipo wagonjwa wetu wanapopoteza muda wasioweza kuurudisha. Mafua ya kawaida huziba pande zote mbili, au hubadilishana pande, na kwa kawaida huisha ndani ya wiki mbili. Pua iliyoziba upande mmoja kwa zaidi ya wiki tatu inataka kuchunguzwa na mtu mwenye taa na vifaa, kwa kuwa ndani yake huenda kuna kinyama au uvimbe, na baadhi ya uvimbe huo ni saratani. Sisemi kwamba kila anayenusa ugoro atapata saratani ya pua. Ninasema kwamba ugoro humfanya mwenye uvimbe aamini anajitibu, na uvimbe hausubiri.

Wala onyo hili si geni. Mwaka 1761 tabibu wa London, John Hill, aliwaandikia wanusaji wa zama zake kuwatahadharisha kuhusu uvimbe aliouona puani mwao, na mpaka leo kuna watu wanauliza kama waongeze ule mkali.

Naona damu kidogo kwenye kitambaa. Si rangi ya ugoro tu?

Mzee mmoja alinikunjulia leso yake juu ya meza. Ilikuwa na mabaka ya kahawia, na ndani ya baka moja palikuwa na mchirizi mwekundu uliokwisha kukauka. Alikuwa ameuona tangu kabla ya mavuno. Mwanawe alimwambia aende hospitali, naye akajibu kwamba tumbaku ndivyo ilivyo. Tatizo ni kwamba kahawia ya ugoro huificha damu, hivyo anayenusa huiona akiwa amechelewa. Acha kunusa, pengia kwenye kitambaa cheupe kilicho safi, na ukiona damu inayojirudia upande mmoja, nenda. Ukiwa pia na ganzi au uvimbe shavuni, jino linalolegea bila sababu, au jicho linalosukumwa nje, nenda leo. Usingoje kikopo kiishe.

Je, naweza kumpaka mtoto kidogo puani akiwa na mafua?

Kamwe usifanye hivyo. Mentholi puani mwa mtoto mchanga inaweza kumsimamisha pumzi, na nikotini kidogo tu inaweza kumsababishia kutapika, kulegea na degedege. Mtoto apewe matone ya maji ya chumvi kama atakavyoelekeza mhudumu.

Si bora kuliko sigara, kwa kuwa hauna moshi?

Mapafu hunusurika na moshi, ndiyo. Hata hivyo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka tumbaku isiyo ya moshi katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, zikiwemo za kinywa, umio na kongosho. Nikotini nayo hupandisha presha na mapigo ya moyo, na kwa mjamzito humfikia mtoto tumboni.

Pua yangu inaziba kweli. Nitumie nini badala yake?

Chemsha maji, yaache yapoe, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe kimoja, kisha osha pua mara mbili kwa siku. Wakati huo acha ugoro. Siku tatu za mwanzo ndizo ngumu: hasira huwa karibu, usingizi hukatika, kichwa huuma. Hali hiyo hupungua katika wiki chache, na anayeelemewa atuambie mapema, maana msaada upo na wala hatumwaibishi mtu. Wiki tatu zikipita upande ule ule ungali umeziba, maji ya chumvi nayo yamefika mwisho wake, njoo upimwe.

Nikija kliniki nifanye nini?

Usinuse asubuhi hiyo, kwa sababu unga hufunika tunachotafuta na presha yako itasomeka juu kuliko ilivyo. Njoo na kikopo, na ile leso usiifue.