Fainali ya FA pale Ilulu 2019: yanayosemwa sana na yaliyotokea kweli

Msimu wa 2018/19 wa kombe la FA, lile la mtoano la Tanzania, ndo ule ambao fainali yake ilipigwa hapa kwetu Lindi, uwanja wa Ilulu, Azam na Lipuli ya Iringa, na Azam wakashinda 1-0 kwa goli la Obrey Chirwa. Hapo hakuna ubishi. Ubishi unaanza ukikaa kijiweni, ukitaka Lindi mjini, ukitaka Mtwara, ukitaka hata Nyangao unasubiri gari, maana stori za ile fainali na za hili kombe kwa ujumla zimezungushwa mpaka watoto wanazichukua kama kweli. Mimi hili jambo linanigusa kwa sababu tangu kombe lirudishwe hii ndo fainali pekee iliyowahi kuletwa Kusini, na nataka ikumbukwe kama ilivyokuwa.

Kubwa kuliko yote ni hili: "Azam walijipa kombe lao wenyewe." Yaani kombe lilikuwa linaitwa Azam Sports Federation Cup, na Azam FC ndo waliolibeba pale Ilulu, kwahiyo mtu anafunga hesabu hapo hapo, mchezo ulipangwa. Hapana ndugu zangu. Lile jina lilikuwa la mdhamini, Azam Media, wale wa king'amuzi, na mashindano yenyewe ni ya TFF, shirikisho la soka Tanzania. Ni kweli kampuni na timu ni za nyumba moja, za Bakhresa, hilo halijifichi na sioni sababu ya kulificha. Ila tazama matokeo. Fainali ya kwanza tangu kombe lirudishwe, 2016, Azam walipigwa 3-1 na Yanga. 2023 pale Mkwakwani Tanga wakafungwa 1-0 na Yanga hao hao, goli la Kennedy Musonda. 2024 wakaenda New Amaan Zanzibar, ikaisha 0-0, Yanga wakawamaliza kwa matuta 6-5. Fainali nne, kombe moja tu, na hilo moja ndo la Lindi. Timu inayobebwa haipotezi fainali tatu kati ya nne. Na kuanzia msimu wa 2023/24 mdhamini ni CRDB, kombe likabadilika jina, mashindano ni yale yale.

Halafu kuna hawa wanaosema kombe lilizaliwa 2015. Lilirudishwa. Wazee wetu walikuwa na Kombe la Nyerere miaka hiyo, likaja likafa, na lililoanza msimu wa 2015/16 ni ufufuo.

"Fainali ililetwa Lindi sababu ya Namungo." Hili nalisikia zaidi kwa vijana wa Ruangwa, hapa hapa mkoani Lindi inakotoka Namungo, na nawaelewa, wanaipenda timu yao, lakini msimu ule Namungo walikuwa bado Daraja la Kwanza wanapambana kupanda, na kweli walipanda msimu huo huo, Ligi Kuu wakaanza kuicheza 2019/20. Fainali ya FA ilikuwa na kawaida ya kuzungushwa mikoani: 2017 Dodoma, 2018 Arusha, 2019 Lindi, 2020 Sumbawanga, 2021 Kigoma, 2022 Arusha tena, 2023 Tanga. Sasa Sumbawanga kulikuwa na timu gani ya Ligi Kuu? Kigoma mwaka 2021 je? Lindi ilipata zamu kama wengine walivyopata, na kwangu hiyo ni heshima kubwa kuliko kuambiwa tulipewa kwa ajili ya timu moja.

Wengine wanakumbuka ilichezwa Idi. Ilikuwa Jumamosi ya tarehe 1 Juni 2019, bado tuko ndani ya Ramadhani, Idi ikaja siku chache baadaye. Kwa mji kama Lindi hiyo si habari ndogo, wengi tulikuwa tumefunga, jua lile la Lindi mnalijua, na bado mpira ukachezwa.

Sasa tuje kwenye hii ambayo inanikera kabisa, "bila Simba na Yanga hiyo sio fainali." Kwanza hao wakubwa hawakususa, walitolewa! Simba msimu ule walipigwa 3-2 na Mashujaa ya Kigoma, tena Mashujaa wakati huo haijawa timu ya Ligi Kuu, na walipigiwa Dar es Salaam kwao. Simba hao hao msimu ule walifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika na wakabeba ubingwa wa ligi, kwahiyo usiniambie walikuwa wabovu. Na msimu wa nyuma yake wakiwa mabingwa watetezi walitolewa na Green Warriors kwa matuta. Yanga nao wakafika nusu fainali, wakapanda Iringa pale Samora, Lipuli ya Selemani Matola ikawachapa 2-0. Azam kwa upande wake iliitoa KMC 1-0. Ndo mtoano ulivyo, mechi moja, hakuna marudiano, ukilala umelala, na Lipuli alikuja Ilulu akiwa amemuondoa mtu mzima njiani. Fainali ya 2018 pia haikuwa na Simba wala Yanga, Mtibwa Sugar waliifunga Singida United 3-2 Arusha, na wenye kumbukumbu watakwambia ilikuwa mechi tamu kuliko fainali nyingi za watani.

Wenzetu wa Mtwara nao walipata la kwao, nusu fainali ya Mei 2023, Azam na Simba pale Nangwanda Sijaona. Hapo kuna kauli mbili zinazogongana na zote si za kweli, mmoja anasema Simba walikuwa wenyeji, mwingine anasema Azam waliuchagua uwanja. Nangwanda ulikuwa uwanja huru. Azam walishinda 2-1, Lusajo Mwaikenda na Prince Dube, Simba wakapata la Sadio Kanoute. Kelele za mashabiki wa Simba mjini zisikuchanganye, popote Tanzania utakuta ama Simba ama Yanga ndo wengi jukwaani, hiyo haifanyi uwanja kuwa wa kwao.

Haya, suala la Afrika, na hapa naomba mnivumilie kidogo maana ndo penye mkanganyiko mkubwa. Watu wa Kusini karibu wote wanaamini ukifika fainali ya FA, hata ukifungwa, unaenda Kombe la Shirikisho Afrika. Wanaamini hivyo kwa sababu walimuona Namungo akienda 2020. Basi wanauliza, Lipuli alifungwa fainali hapa hapa Lindi mbona hakwenda? Kaonewa?

Hakuonewa. Nafasi ya kombe la FA ni ya bingwa. Ikitokea bingwa wa FA ndo huyo huyo bingwa wa ligi, anaenda Ligi ya Mabingwa, na nafasi ya Shirikisho inabaki wazi, hapo ndo aliyefungwa fainali aliwahi kuingia. 2016 ilikuwa hivyo, Yanga walibeba vyote, Azam wakaenda Shirikisho. 2020 ilikuwa hivyo, Simba walibeba vyote, Namungo akaenda. Ila 2019 Simba alikuwa bingwa wa ligi na Azam bingwa wa FA, watu wawili tofauti, kila mtu na tiketi yake, Lipuli akabaki mikono mitupu. Baadae Tanzania ikapata nafasi nne badala ya mbili, ile safari ya Simba mpaka robo fainali ilichangia, na hapo wengi wakadhani Lipuli ataitwa. Nafasi za ziada zikaenda kwa msimamo wa ligi: Yanga aliyeshika nafasi ya pili akaenda Ligi ya Mabingwa, na KMC aliyeshika ya nne akaenda Shirikisho pamoja na Azam. Mwaka 2022 mambo yakawa vile vile kwa Coastal Union, na kile kisa mimi mpaka leo kinaniuma japo sio timu yangu, wametoka 3-3 na Yanga Arusha, Abdul Suleiman Sopu kapiga hat-trick, magoli yote matatu, ndani ya fainali, wakatolewa kwa matuta, na Afrika akaenda Geita Gold kwa nafasi yake ya nne. Kwahiyo kijana akikwambia "tukifika fainali tu tumeshafuzu", mwambie aangalie kwanza nafasi ziko ngapi na nani kabeba ligi.

Kuna nyingine inahusiana, kwamba kufika fainali kunaiinua timu ndogo, inapata hela, inatulia. Natamani ingekuwa hivyo. Chukua walioshindwa fainali tatu mfululizo: Mbao ya Mwanza 2017, ambao Simba waliwafunga 2-1 kwa jasho mpaka muda wa nyongeza, Singida United 2018, Lipuli 2019. Wote watatu walishuka daraja msimu mmoja, 2019/20! Lipuli ilikuwa imepita mwaka mmoja tu toka Ilulu. Na Ndanda yetu ya Mtwara, Wanakuchele, nayo ikashuka msimu huo huo. Kombe linakupa jina, jina halilipi mishahara ya wachezaji wala nauli ya kutoka Mtwara kwenda Bukoba na kurudi. Ule msimu wa 2018/19 wenyewe ligi ilikuwa na timu 20, mechi 38, na haikuwa na mdhamini mkuu, fikiria timu ya mkoani ilikuwa inaishije.

Namungo sasa. "Walienda Afrika kwa mteremko, kwa mgongo wa Simba." Hii ikisemwa na mtu wa Dar naweza kunyamaza, ila nimeisikia ikisemwa na watu wa Lindi kabisa na hapo siwezi. Msimu wao wa kwanza Ligi Kuu walimaliza nafasi ya nne chini ya Hitimana Thierry. Fainali ya FA pale Sumbawanga Agosti 2020 walifungwa 2-1, Simba walipata kwa Luis Miquissone na John Bocco, Namungo wakapata kwa Edward Manyama, na Simba ile ndo ile iliyokuwa inamfunga kila mtu. Walivyoingia Shirikisho hakuna aliyewabeba. Waliivuka Al Rabita ya Sudan Kusini, wakaja Al Hilal Obeid ya Sudan, 2-0 nyumbani na 3-3 kule kule Sudan. Halafu wakapangiwa Primeiro de Agosto ya Angola, timu yenye jina Afrika. Walisafiri mpaka Luanda, mambo ya korona yakaleta mgogoro, wengine wakazuiliwa kule, mechi haikuchezwa, CAF, shirikisho la soka Afrika, ikaamua mechi zote mbili zipigwe Dar es Salaam. Watu wanasema "walipewa pointi za mezani." Mechi zilichezwa jamani, zote mbili, uwanjani: ya kwanza Namungo 6-2, ya pili wakafungwa 3-1, jumla 7-5. Hakuna meza hapo.

Hemed Morocco ndo aliyekuwa kocha kwenye makundi. Na kabla ya Namungo, timu ya Tanzania iliyokuwa imefika makundi ya Shirikisho ni Yanga peke yake. Kwenye makundi mambo yalikuwa magumu, hawakupata hata pointi moja, na hiki ndo wanachokishika wanaotaka kuwadharau. Ila kundi lenyewe lilikuwa na Raja Casablanca, Pyramids ya Misri na Nkana ya Zambia, na Raja ndo waliobeba kombe mwaka ule.