Chipko haikupinga kila shoka

Wengi wanaamini kuwa wanakijiji wa Chipko, vuguvugu la kulinda misitu katika milima ya Himalaya kaskazini mwa India miaka ya 1970, walikumbatia miti kwa sababu hawakutaka mti wowote ukatwe. Sivyo. Wao wenyewe waliishi kwa msitu: kuni, malisho, mbao za nira na plau.

Mwaka 1973, ushirika wa Dasholi, uliokuwa chini ya Chandi Prasad Bhatt, ulinyimwa miti michache ya kutengenezea zana za kilimo. Miti ya aina hiyohiyo ikapewa kampuni ya vifaa vya michezo kutoka mbali. Hapo ndipo watu wa kijiji cha Mandal walipoinuka. Dai lao lilikuwa haki: msitu ni wa nani?

Katika kijiji cha Reni, Machi 1974, wanaume walikuwa wameitwa mjini kuhusu fidia ya ardhi. Gaura Devi, mwanakijiji wa hapo, akawaongoza wanawake kuwazuia wakataji. Mafuriko ya mto Alaknanda ya 1970, waliyoyahusisha na ukataji wa misitu, hawakuwa wameyasahau.

Marufuku ya ukataji iliyokuja miaka ya 1980 iliwaumiza baadhi ya wanakijiji haohao, na jambo hili, kwa maoni yangu, linasimuliwa mara chache mno.