Kamera ya matabaka ya Walt Disney ni nini?

Kamera ya matabaka ni mtambo wa kupigia picha za katuni. Kamera hufungwa juu ikitazama chini, na michoro hupangwa chini yake kwenye vioo vilivyoachiwa nafasi baina yao. Mtambo wa studio ya Walt Disney, uliobuniwa na mhandisi William Garity, ulikuwa na kimo cha zaidi ya mita 3 na ulibeba hadi matabaka saba.

Shida iliyouzaa ni hii. Katika katuni ya kawaida ya wakati huo, mhusika alichorwa kwenye plastiki angavu, wino upande wa mbele na rangi upande wa nyuma, kisha akalazwa juu ya mchoro mmoja wa mandhari. Kamera ikiteremshwa ili ionekane tunaingia ndani ya mandhari, kila kitu hukua kwa kiwango kilekile: ua, nyumba, hata mwezi. Hapo mtazamaji hugundua kwamba anaangalia karatasi tu. Kurundika plastiki nyingi hakusaidii, kwa sababu kila moja hufifisha kidogo rangi za zilizo chini yake.

Kwenye mtambo, mwezi huwekwa chini kabisa, halafu milima, nyumba, miti, na juu kabisa majani ya karibu. Mandhari hayo yalichorwa kwa rangi ya mafuta juu ya kioo. Kila tabaka lina taa zake na husogezwa peke yake: la karibu sana, la mbali kidogo tu. Kamera ikishuka, mwezi nao hushushwa kwa kipimo hichohicho, hivyo haubadiliki ukubwa.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha. Sekunde moja ya filamu ni fremu (picha moja moja) 24, kwa hiyo sekunde 10 ni fremu 240. Kwa Technicolor, mfumo wa filamu za rangi wa wakati huo, kila fremu ilipigwa mara tatu, kupitia vichujio vya nyekundu, kijani na buluu: jumla mara 720. Kabla ya kila fremu mafundi walisogeza matabaka kwa vipimo vilivyoandikwa. Vumbi likitua kwenye kioo huonekana, mwanga ukiakisiwa huacha doa, na tabaka likipitiliza kipimo picha hurukaruka. Kosa kwenye fremu ya 200 mara nyingi lilimaanisha kurudia tangu ya kwanza.

Kwa nini mfanyabiashara agharamie haya? Disney, aliyezaliwa Chicago mwaka 1901, alikuwa ameshafilisika Kansas City mwaka 1923, na mwaka 1928 akampoteza mhusika wake Oswald kwa sababu haki zilikuwa za kampuni ya filamu ya Universal. Tangu hapo alishikilia haki za wahusika wake mwenyewe, na mbinu mpya alizijaribu kwenye filamu fupi kwanza. Sauti alianza nayo kwa Mickey mwaka huohuo wa 1928, rangi kamili mwaka 1932 kwa Flowers and Trees, na kina cha picha, kwa kamera hii ya matabaka, mwaka 1937 kwa The Old Mill, ambayo hadithi yake ni nyembamba mno: wanyama ndani ya kinu cha upepo usiku wa dhoruba. Mbili hizi za mwisho zilipata Oscar. Desemba 21, 1937 ikazinduliwa filamu yake ndefu Snow White, iliyogharimu takriban dola milioni 1.5. Vichekesho vinavyotosha dakika saba havibebi filamu ya zaidi ya saa moja. Watu walihitaji ulimwengu wa kuingia.

Wazo la vioo, hata hivyo, halikuanza kwake. Mtengenezaji filamu Lotte Reiniger alishalitumia Ujerumani katika filamu yake ya vivuli ya 1926, na Ub Iwerks, mwenzake wa zamani wa Disney, alijiundia mtambo wake kwa kutumia vipuri vya gari la Chevrolet.

Studio ya Disney yenyewe ilihamishia kazi hiyo kwenye kompyuta: The Rescuers Down Under ya mwaka 1990 ilitengenezwa kwa mfumo wa kidijitali ambamo matabaka huwekewa umbali wake bila kioo wala vumbi.